Mwanvua Dadi Alivyowaketisha Watu Kagunga

Kabla ya mwaka ule wa wakimbizi, Mwanvua Dadi alikuwa akiishi kwa kuwafundisha wageni kwenda polepole. Ni shangazi yangu, mzaliwa wa Rusimbi, mjane, mwembamba wa mwili na mzito wa sauti. Watalii waliokuja Kigoma kwa ajili ya sokwe wa Gombe mara nyingi walibakiwa na siku ya ziada, na wenye nyumba za wageni waliwaelekeza kwake awatembeze Ujiji. Kabla hajatoka nao aliwakalisha barazani akawapa masharti. Msalimieni mkubwa kabla hamjamuuliza njia. Funikeni mabega na magoti. Mwanamke anayeanika dagaa msimpige picha mpaka mmekaa naye kidogo, na yeye mwenyewe ameanza kuwauliza mmetoka wapi. Boti ikichelewa msigombane na mwenye boti, kwa sababu hata mkigombana naye ziwa halitatulia.

Wageni walicheka, lakini walifuata. Wengine walirudi mwaka uliofuata wakamtafuta.

Haya ninayoyasimulia nimeyapata kwake mwenyewe, kidogo kidogo, na mengine kwa Feliksi wa Kibirizi, mwenye boti, ambaye siku ile alikuwapo.

Mwezi wa tano mwaka 2015 Burundi ilichafuka, na watu wakaanza kuvuka mpaka kwa miguu wakishukia Kagunga. Kagunga ni kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na ziwa. Gari halifiki. Ukitaka kutoka, unapanda mlima au unapanda chombo. Katika muda mfupi ufukwe ule ukajaa maelfu ya watu, wanalala mchangani, wanapika mchangani, wanajisaidia palepale, na maji ya kunywa ni ya ziwa lilelile. Kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba ikawa inakwenda na kurudi kuwachukua kuwaleta Kigoma, lakini kwa kuwa Kagunga haina gati, meli ilisimama mbali, na watu wakapelekwa kwa boti ndogo, kundi baada ya kundi. Huku mjini walipokewa kwenye uwanja wa mpira, kisha mabasi yakawapeleka kambini Nyarugusu.

Watalii wakakoma. Nyumba za wageni zikajaa watu wa misaada, na miongoni mwao alikuwapo fundi wa maji aliyetoka Laos, nchi ya Wabudha huko mashariki ya mbali. Jina lake Kamla. Alikuwa mfupi, mvi zimeanza pembeni mwa masikio, na alivaa kandambili hata alipokutana na wakubwa. Kazi yake ilikuwa kufunga matangi na mabomba Kagunga ili watu wapate maji yaliyotiwa dawa. Kiingereza alikijua, lakini Kirundi hakukijua hata neno, na wakalimani wote walikuwa wamechukuliwa. Mwenye nyumba ya wageni akamtaja shangazi, ambaye Kiha alikinyonya kwa mama yake, na Kiha na Kirundi husikilizana.

Baba yangu, Abdulmajid, ndiye mdogo wake. Jioni, aliposikia kwamba shangazi amekubali, alikuja nyumbani kwake na hakukaa.

“Dada, kule watu wanakufa.”

“Nimesikia.”

“Na unakwenda na mtu ambaye hata dini yake hatuijui.”

“Dini yake hainizuii kunawa mikono, Abdulmajid,” alisema shangazi, akaendelea kufunga khanga zake kwenye mfuko.

Waliondoka mwalo wa Kibirizi, pale boti zinapoegeshwa, asubuhi kwa boti ya Feliksi, matangi yamekunjwa yakalazwa katikati. Ziwa lilikuwa na mawimbi mafupi yanayopiga ubavuni. Kamla alikaa amekunja miguu chini yake muda wote, na shangazi, aliyezoea kuwaangalia wageni, aliona kwamba kila mtu alipopita mbele yake alizidi kuikunja. Akamuuliza kama ana maumivu.

“Hapana,” alisema Kamla. “Kwetu si adabu kumwelekezea mtu nyayo.”

Ndipo wakaanza kuzungumza. Kamla alikuwa wa mji uitwao Thakek, kando ya mto Mekong. Mji mpole, alisema, wa maduka yanayofungwa mchana watu wakalale, na jioni watu wanakaa ukingoni wanakula samaki wa kuchoma wakitazama ng'ambo. Wageni wanaupenda, lakini wanakosea.

“Wanakosea nini?”

“Vichwa na miguu. Wanawashika watoto vichwa kwa mapenzi, na kichwa kwetu hakishikwi. Halafu wanakaa mbele ya sanamu ya Budha wamenyoosha miguu.”

Shangazi alimweleza masharti yake ya Ujiji. Kamla alisikiliza, akasema yanafanana mno na ya kwao, labda kwa kuwa miji yote ya kando ya maji ina watu wanaomngoja mtu arudi. Feliksi alipunguza mwendo wa injini akawaonyesha Kagunga kwa mbali, na wote wakajifunika pua, maana harufu iliwafikia kabla hawajafika.

Siku za kwanza zilikwenda kwa kazi. Walifunga matangi, wakachimba mitaro, wakapanga foleni za ndoo. Watu walikataa maji ya bomba kwa kuwa yananuka dawa, na shangazi alizunguka toka mkeka hadi mkeka akiwaeleza kwamba harufu ile ndiyo inayoua ugonjwa. Wengi walikubali. Alilala kwenye hema la wauguzi, akala alichokipata, akanawa mpaka mikono ikapasuka.

Kisha wakampa kazi nyingine. Wagonjwa waliopata nafuu na akina mama wenye vichanga walipewa nafasi ya kwanza kwenye boti. Walipangwa ukingoni, wameketi chini kwa safu, kamba imezungushwa kwenye vijiti kuwatenga na umati uliojaa nyuma yao hadi kwenye miteremko ya mlima. Wauguzi hawakutosha, hivyo shangazi na Kamla wakaombwa kuisimamia safu ile. Mbele kabisa alikaa Veneranda, mama wa mapacha, mmoja mgongoni na mmoja kifuani. Karibu naye alikaa mzee mmoja, Dismasi, aliyevaa kofia ya sufu iliyofumwa, ambaye alikuwa ametoka kwenye dripu jana yake na bado macho yalikuwa yamezama.

Pembeni mwa kamba alizungukazunguka mwanamume mrefu, Telesphory. Mkewe, Rozalia, alikuwa amezidiwa akapakiwa kwenye meli safari iliyotangulia wakati yeye amepanda mlimani kutafuta kuni. Aliporudi hakukuta mtu. Tangu hapo alimuuliza kila mwenye sare kama mkewe yu hai, na hakuna aliyejua. Shangazi alimwambia mara kadhaa kwamba zamu yake itafika. Alijua kwamba neno zamu halimsaidii mtu kama yule, lakini hakuwa na jingine.

Siku hiyo meli ilikuwa imesimama mbali, na boti zilikuwa zimeshapeleka watu mara kadhaa, pale upepo wa kusini ulipoanza. Mawimbi yakapanda. Boti ya Feliksi ilirudi imejaa maji hadi vifundoni. Feliksi akaruka akaivuta mchangani, akamsogelea shangazi akasema kwa sauti ya chini.

“Mama Mwanvua, nahodha wa meli anataka kusogea kujikinga. Nadhani nina safari moja tu. Pandeni nyinyi wawili sasa hivi.”

“Na hawa?”

“Hawa wote hawaenei, na nikiwachukua wachache wengine watanifuata majini. Pandeni. Nyinyi hamna haja ya kufia hapa.”

Kabla shangazi hajajibu, kule juu mlimani watu walianza kupiga kelele. Neno lilishuka kutoka kundi hadi kundi, haraka kuliko mtu anavyokimbia. Wenye silaha wamevuka mpaka. Wanashuka. Wameonekana kwenye njia ya juu. Na sambamba nalo likaja la pili, kwamba meli inaondoka na haitarudi tena.

Umati ukaanza kukunja mikeka. Sufuria ziligongana. Watu wa nyuma walisimama wakawasukuma wa kati, na wa kati wakasogea hatua mbili tatu kuelekea kwenye kamba. Kati yao na maji palikuwa na safu ile tu, wagonjwa na vichanga.

Shangazi alimtafsiria Kamla haraka aliyoyasema Feliksi. Kamla hakuiangalia boti. Alikuwa akiwaangalia watu wa safu, magoti yao, mikono iliyoanza kushika mchanga ili wainuke.

“Wakisimama hawa, wote watakwenda majini,” alisema.

“Najua.”

“Hujui. Mimi najua. Nilikuwa mtoto tulipovuka Mekong kukimbia. Risasi zilipigwa, lakini hazikutupata. Mtumbwi tuliuzamisha sisi wenyewe tuliposimama. Dada yangu alikuwa ameshika shati langu.” Akaielekezea safu kidole. “Waambie kitu. Chochote, ili mradi wawe wanasikiliza.”

“Tangu asubuhi nawaambia watulie. Hawasikii tena.”

“Wageni wako unawaambia nini?”

Shangazi anasema kwamba hapo ndipo alipohisi hasira, hasira ya ajabu, kwamba mtu anamuuliza habari za watalii wakati ule. Halafu akaona kwamba hakuna kingine. Amri watu wale walikuwa wameshiba. Toka makwao walikuwa wakiamriwa, simama, kaa, pita huku, nyamaza. Akamwambia Feliksi ang'oe boti mchangani lakini asipakie mtu. Akamgeukia Kamla.

“Sema wewe. Mgeni akifika mji wenu afanye nini. Sema moja moja, nitatafsiri.”

Kisha akafanya jambo ambalo Feliksi analieleza mpaka leo kwa kutikisa kichwa. Alikwenda mbele ya safu, akayapa maji mgongo, akaketi chini mchangani, kwa namna ambayo yeye mwenyewe asingeweza kuona wimbi wala meli.

“Nimwicare,” alisema kwa Kirundi, kaeni. “Huyu mgeni wetu anatoka mji wa mbali, kando ya mto. Anasema mnakaribishwa kwao. Lakini kuna masharti.”

Neno masharti liliwafanya wageuze shingo. Mkimbizi anajua kwamba kila anakokwenda kuna masharti, na asiyeyasikia ndiye anayerudishwa.

“Masharti gani?” aliuliza mzee Dismasi.

“La kwanza, viatu vinabaki mlangoni. Huingii na viatu nyumbani kwa mtu, wala kwenye nyumba yao ya ibada.”

Veneranda aliitazama miguu yake mitupu. “Hilo tumeshalitimiza,” alisema. Watu wawili watatu karibu naye walicheka, kicheko kifupi kama kikohozi.

Kamla akasema la pili, na shangazi akatafsiri. Usimguse mtu kichwa, hata akiwa mtoto.

“Na wangu je, nitawabebaje?” aliuliza Veneranda.

Shangazi akamuuliza Kamla, naye akafikiri kwa dhati, kana kwamba wako barazani na hawana haraka. “Mama mzazi anaruhusiwa,” alisema.

Nyuma yao kelele zilikuwa zinazidi. Shangazi aliona nyuso za watu wa umati juu ya vichwa vya wale walioketi, na kamba imeanza kuvutika. Akapaza sauti bila kuiharakisha. “La tatu. Miguu. Ukikaa mbele ya mtu usimnyooshee nyayo, ni dharau. Kunja. Kila mtu akunje, nione kama mnaweza.”

Na watu wakakunja. Hata leo hajui kwa nini walimtii. Safu nzima ilikunja miguu, magoti ya mmoja yakagusa mgongo wa mwenzake, na ghafla akaona faida ambayo hakuikusudia, kwamba mtu aliyebanana hivyo hawezi kuinuka kwa mara moja. Akaendelea kusisitiza miguu. Wewe mama, na wewe pia. Na yule mwenye blanketi.

Ndipo Telesphory alipovuka kamba.

“Unawapa hadithi,” alisema. “Meli inaondoka, na mke wangu sijui kama yu hai, na wewe unawapa hadithi.”

“Baba, kaa nasi kidogo.”

“Nikae mpaka waje watuchinje?”

Akampita shangazi akaingia majini na nguo zake zote. Shangazi hakugeuka. Alisikia maji yanavyopasuka, kisha akasikia watu wanavyovuta pumzi, na akajua kutokana na macho yao kwamba jamaa anaogelea. Kina cha pale hushuka ghafla. Hatua chache tu na mtu hagusi chini. Mwanamke mmoja katikati ya safu aliinua goti. Mwingine akamshika bega mwenzake ili asimame. Umati wa nyuma, ulipoona mmoja ameingia majini, ulidhani njia imefunguliwa. Kijiti cha kwanza cha kamba kikang'oka.

Feliksi alikuwa ameshawasha injini. Shangazi alimsikia akitoka, na watu wakapiga yowe wakidhani boti ya mwisho inawaacha.

“Anamfuata mwenzenu,” alisema shangazi. “Anamrudisha. Nisikilizeni, sijamaliza.” Akarudi kwenye masharti yake. “Mgeni anasema asubuhi na mapema, kwao, watawa wanapita barabarani. Wamenyoa vichwa, wamevaa nguo za rangi ya manjano, wanatembea kwa mstari na hawasemi neno. Watu wa mji wanawangoja kando ya njia na wali moto kwenye vikapu. Wanangoja wameketi. Wote. Mkubwa na mdogo. Anayesimama anakuwa juu kuliko mtawa, na hilo haliwezekani. Kwa hiyo hata mvua ikinyesha, hata mtu akiona amesahaulika, hasimami. Anangoja afikiwe.”

Ukweli ni kwamba hakuwa akimsikia Kamla tena. Kamla alikuwa ameondoka mbele yake akaenda pale kijiti kilipong'oka, kwenye pengo, akaketi chini akiwa amewaelekea watu wa umati, miguu ameikunja. Hata angesema kitu, wasingemwelewa. Mtu wa kwanza alimkwepa. Wa pili alimkanyaga mkono. Kamla aliinama kwa maumivu lakini hakutoka. Wa tatu, mama mwenye ndoo kichwani, alisimama mbele yake akamtazama, naye akasimamisha walio nyuma yake kwa kiwiliwili chake.

Maneno mengine yote, basi, shangazi aliyatoa kichwani mwake. Aliwaambia mji ule wakati wa adhuhuri unalala na mgeni hapigi hodi. Aliwaambia mto wao una mkondo mbaya majira ya mvua na hakuna mwenyeji anayemruhusu mgeni kuingia majini. Aliwaambia kwamba huko anayepaza sauti kwa hasira ndiye anayeaibika, siyo anayepaziwa. Alisema taratibu, akirudia kila jambo, na Veneranda, bila kuambiwa, alianza kuwageukia walioketi nyuma yake akawapasia maneno, nao wakawapasia wengine. Wale wa umati hawakusikia vizuri. Waliona migongo iliyoketi, na midomo inayonong'ona, na wakataka kujua kinachosemwa.

“Hao watawa,” aliuliza mzee Dismasi, “mchana wanakula nini?”

“Hawali baada ya adhuhuri, mzee. Mpaka kesho yake.”

Mzee aliivuta kofia yake. “Basi tulikuwa watawa na hatukujua.”

Walicheka tena, na safari hii kicheko kilifika mbali. Mama yule wa ndoo akaitua ndoo yake akaikalia.

Feliksi alirudi. Alikuwa amemkuta Telesphory ameshaanza kuzama, akamtupia kamba, akamvuta kwenye boti kama nyavu. Walimlaza mchangani akatapika maji, kisha akalala kifudifudi akilia bila sauti. Meli ilipiga honi ikasogea mbali kujikinga na upepo. Watu waliitazama ikienda. Hakuna aliyesimama. Na kutoka mlimani walishuka, mmoja mmoja, watu waliosababisha hofu yote ile, nao walikuwa ni wakimbizi wengine waliochelewa, wamejitwika matita ya kuni walizookota njiani, ambazo kwa mbali zilionekana kama bunduki.

Upepo haukutulia mpaka usiku, na safu ilibidi ilale palepale ilipoketi. Wauguzi waliwapitishia maji ya chumvi na sukari. Kamla alifungwa vidole viwili kwa kipande cha mti. Shangazi alijilaza karibu na Veneranda akamshikia pacha mmoja.

Alfajiri ziwa lilikuwa limetulia na meli imerudi. Shangazi alipita kuwaamsha watu mmoja mmoja, na alipomfikia mzee Dismasi alimkuta amelala ubavu, kofia imemfunika macho, miguu ameikunja kama alivyoambiwa. Alikuwa amekwishapoa.

Alikaa naye mpaka wauguzi walipokuja na shuka. Kamla alikuja akachuchumaa pembeni.

“Jana alikuwa wa pili kwenye safu,” alisema shangazi. “Kama Feliksi angepakia wachache tu, huyu angekuwamo. Angefika hospitali Kigoma.”

“Labda.”

“Nilimkalisha mimi.”

Kamla hakumbembeleza. “Labda angefika,” alisema. “Labda boti ingepinduka naye na wote. Mimi ya kwangu nimeyauliza miaka arobaini. Hutapata jibu, Mama Mwanvua. Twende tuwapakie hawa.”

Wakawapakia. Telesphory alipewa boti ya kwanza, na alipopita mbele ya shangazi aliinamisha kichwa, akapita. Veneranda alipanda na mapacha wake wote wawili wakiwa hai. Mzee Dismasi alizikwa kwenye mteremko juu ya kijiji, pamoja na wengine waliokufa siku hiyo. Hakuna aliyejua kwao kamili. Mwanamke mmoja alisikia tu kwamba alitokea upande wa Nyanza-Lac, huko Burundi. Shangazi alimwomba kijana wa kijiji aweke mawe mawili makubwa, kichwani na miguuni, ili aweze kulitambua kaburi.

Aliporudi Rusimbi sauti yake ilikuwa imekauka kabisa. Kwa muda mrefu alizungumza kwa mnong'ono, na hata baada ya sauti kurudi hakutaka kusimulia, ila alimdokezea baba habari za dada yake Kamla. Baba, aliyekuja tayari kumlaumu, alimwangalia mara moja tu, akaenda sokoni Mwanga, palepale mjini, kumnunulia limao na asali.

Kabla ya kuondoka nchini Kamla alikuja kutuaga. Mama yangu alipika samaki aina ya migebuka kwa mawese na ugali wa muhogo. Kamla aliacha kandambili mlangoni, akasalimia kwa viganja viwili vilivyounganishwa, vidole viwili bado vimefungwa, akakaa mkekani. Baba alimnawisha yeye mwenyewe. Walikula, kisha baba, ambaye kwa kawaida hamuulizi mgeni mambo ya ndani, akamwambia shangazi amtafsirie.

“Muulize habari za yule dada yake aliyezama. Walimpata?”

Shangazi aliuliza. Kamla alitikisa kichwa.

“Hawakumpata,” alisema. “Mama yangu alirudi Thakek nchi ilipotulia kwa sababu hiyo tu. Alitaka kukaa karibu na mto.”

Baba alimwongezea samaki kwenye sahani. Hilo ndilo alilolijua kufanya.

Mwaka uliofuata Feliksi alileta salamu kutoka Nyarugusu. Telesphory alimkuta Rozalia kambini, amekonda lakini mzima, na walipata mtoto wa kike. Veneranda hatukusikia habari zake tena. Wengine walirudi Burundi, huenda naye yumo. Shangazi alianza tena kuwatembeza wageni pale watalii walipoanza kurudi, ila sasa hawakalishi barazani kwanza. Anawaeleza huku wanatembea.

Kila mwaka, ziwa linapotulia, humwomba Feliksi ampeleke Kagunga. Mwaka jana nilikwenda naye. Ufukwe ni mweupe, dagaa wameanikwa, watoto wanaogelea, na mtu asiyeambiwa asingejua kilichopita pale. Tulipanda mteremko akayatafuta yale mawe mawili. Mwanakijiji mmoja alikuwa amelima muhogo mpaka karibu kabisa, na alipotuona aliacha jembe akaja kuomba radhi, akasema ataung'oa.

“Uache,” shangazi alimwambia. “Umeshashika mizizi. Ila usilime katikati ya mawe.”

Akang'oa majani kwa mkono, akasimama kitambo, akaniuliza kama nimechoka. Feliksi alikuwa anatuita kutoka chini, kwa kuwa upepo ulikuwa umeanza kugeuka.